Mie Sibeti, Lakini Kila Mtu Ananiuliza Farasi Gani

Jamani huku Uingereza kuna msimu mmoja si wa baridi si wa joto, unaingia katikati ya Machi unatoka Aprili, na ukiingia tu kila mtu anakuwa mtabiri. Kinyozi mtabiri. Dereva wa basi mtabiri. Yule mama wa kantini kazini kwetu, ambaye mwaka mzima ukimuuliza leo tarehe ngapi anaangalia ukutani, msimu wa farasi wa kuruka viunzi ukifika anakwambia huyu baba yake alikuwa hodari wa matope lakini mama yake kichwa ngumu. Mie baba yake supavaiza wangu simjui, nimjue baba yake farasi?

Na mie naishi Liverpool, sasa ndio ujue balaa lenyewe. Aintree, uwanja wa mbio za farasi, iko papa hapa, unapanda treni mjini hujamaliza kujikuna ushafika, na Aintree ndiko kwenye ile Grand National yao, Jumamosi moja ya Aprili, farasi 34, viunzi 30, mwendo karibu kilomita 7. Zamani walikuwa wakiachia farasi 40, mwaka 2024 wakapunguza kwa ajili ya usalama, lakini watabiri hawakupunguzwa hata mmoja.

Nseme mapema, mie sibeti. Natoka Lamu, nimesoma chuoni kwa maalim mwenye bakora, kamari ni haramu na mamangu yu hai, kwa hivyo hata shetani akinishika mkono nina wa kumuogopa. Lakini hayo hayajanisaidia kitu, kwa sababu siku waliyojua natoka Lamu mambo yaliharibika. Kuna mwenzetu mmoja akasoma kwenye simu kwamba Lamu watu wanaenda kwa punda. Akaniuliza ni kweli? Nkasema kweli. Na mbio mnafanya? Nkasema ndio, Maulidi vijana wanashindana pale mbele ya bahari, bila tandiko. Basi ikawa imeisha, mie ni mtaalamu wa wanyama. Sasa nimueleze vipi kwamba Lamu mchambuzi hatakikani? Yule punda unamjua, kijana aliye juu unamjua, na jana umewaona wote wawili wanabeba matofali. Nani atakaa aandike makala?

Mamangu nilipomwambia kwa simu kwamba Wazungu wananiuliza habari za farasi alicheka mpaka akakata. Akapiga tena. Akasema mwanangu, wewe si punda wa babako alikuwa akikuangusha kila alhamisi?

Twende kwenye huo utabiri wenyewe. Tuna mzee mmoja wa Kiairishi, penseli iko nyuma ya sikio tangu asubuhi, saa ya kula anatandaza gazeti meza nzima, sambusa zangu anazisukuma pembeni na kiwiko, na kila farasi pembeni ya jina lake ana msururu wa namba na herufi. Namba ni nafasi aliyomaliza, hiyo rahisi. Herufi ndio kasheshe. F maana yake alianguka. U alimwangusha joki, yaani mpandaji wake, yeye akaendelea zake. P joki mwenyewe alimsimamisha njiani kwa kuona hapa hamna kitu. R ni kwamba alifika kwenye kiunzi akakiangalia akakataa. Huyo wa R mie ndiye namheshimu, ndiye pekee aliyefikiria.

Sasa mzee anapita na penseli. Ile F usiihesabu, alisukumwa. Ile P ilikuwa siku ya mvua. Ile U joki alikuwa mgeni. Akimaliza hakuna farasi hata mmoja aliyewahi kushindwa kwa kutojua, wote 34 ni washindi waliopatwa na mikosi. Nikamuuliza sasa mzee umechagua yupi, akasema inategemea ardhi.

Ardhi! Hapo ndipo hunitoa roho. Kuna mtu kazi yake, tena analipwa mshahara, ni kuzunguka uwanja na fimbo akiuchoma udongo, halafu anatangaza leo ardhi ni nzuri kuelekea laini, na laini sehemu sehemu. Kila asubuhi wiki nzima. Ikinyesha usiku basi utabiri wote unavunjwa unaanzwa upya, na mie sambusa zangu zinasukumwa tena.

Halafu kuna uzito. Hii nilipoelezwa nilidhani wananicheza shere. Farasi akiwa mzuri, akishinda shinda, wanambebesha uzito zaidi ili wale wabovu nao wapate nafasi. Aliye bora kabisa National anabeba kama kilo 75, joki na tandiko na vipande vya madini ya risasi vya kujazia kama joki ni mwepesi, na aliye dhaifu anapunguziwa. Nikasema hii sheria naijua vizuri sana, ndiyo inayotumika hapa ghalani, anayepakia haraka ndiye anaongezewa trela.

Umri nao usiulize. Farasi wote wa mbio huku wanahesabiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, wote, kama wazee wetu kwenye vitambulisho. Na wachambuzi wanapenda umri vibaya sana, walikuwa wakisema farasi wa miaka 7 hawezi National, mara ya mwisho ilikuwa 1940, achana naye, takwimu hazidanganyi. Mwaka 2022 akaja Noble Yeats, miaka 7, odi 50 kwa 1, yaani ukitia pauni 1 unashinda 50, juu yake joki wa ridhaa ambaye ilikuwa mbio yake ya mwisho maishani halafu anastaafu, akashinda. Jumatatu yake wachambuzi wakaandika kwamba siku hizi wa miaka 7 ndio wa kuangalia. Bila aibu. Mtu ungekuwa fundi bomba na kazi ya namna hiyo ungekuwa ushapigwa.

Lakini kama wataka kuona utabiri ulivyo, nenda Machi 2025 pale Cheltenham, uwanja mwingine wa mbio, mbio inaitwa Champion Hurdle. Ile siku nilikuwa likizo ya ugonjwa, mafua, niko kwenye kochi, naangalia na mke wangu ambaye naye sasa ashaambukizwa ana maoni. Kuna farasi anaitwa Constitution Hill. Amekimbia mara 10 ameshinda mara 10. Wachambuzi walikuwa hawachambui tena, walikuwa wanaswalisha. Huyu ndiye, funga kitabu, tuzungumze wa pili nani. Wakakimbia. Kiunzi cha tano, Constitution Hill chini. Mke wangu akashika kichwa kama ni shemejiye. Sasa akabaki State Man, bingwa wa mwaka uliotangulia, akatoka mbele peke yake, mtangazaji ashaanza kumpongeza, kiunzi cha mwisho kabisa, hakuna mtu karibu, naye chini. Akapita farasi jike anaitwa Golden Ace, odi 25 kwa 1, ambaye wengi waliona hata mbio si zake, akachukua ubingwa. Na baada ya dakika tano tu, mtu kavaa suti, kasimama kwenye nyasi, anaeleza kwa utulivu kwa nini Golden Ace alishinda. Ndugu yangu kwa nini? Kwa sababu hakuanguka! Hiyo ndiyo sababu, nipe na mie maikrofoni.

Na si jambo la jana. Mwaka 1967 pale Aintree farasi asiye na mtu mgongoni alikata mbele ya wenzake kwenye kiunzi cha 23, tena kimoja katika vile vifupi, wakarundikana, majoki hewani, farasi wengine wamegeuka wanarudi walikotoka, na nyuma kabisa alikuwa anakuja Foinavon, odi 100 kwa 1, alikuwa amechelewa tu maskini ya Mungu, akakuta vurugu, akatafuta upenyo akapita, akashinda. Mwenye kumfundisha hakuwepo hata uwanjani, alikwenda mbio nyingine. Leo kile kiunzi kinaitwa Foinavon. Na 1993 ndiyo walitia fora, kamba ya kuanzia ilimnasa joki mmoja shingoni, wakaambiwa simameni, farasi 30 hawakusikia wakaendelea, na walipomaliza mbio wakaambiwa haikuhesabiwa, pesa zikarudishwa kiasi cha pauni milioni 75. Mwaka huo peke yake ndio watabiri wote walitoka sare.

Farasi Red Rum tu simsemi vibaya, naishi mji huu nataka kuendelea kuishi. Ameshinda National 1973, 1974 na 1977, ile miwili ya katikati akawa wa pili, na amezikwa pale pale kwenye mstari wa kumalizia. Alikuwa akifanyishwa mazoezi ufukweni Southport, mchangani kwenye maji ya chumvi, na huyo ndiye farasi pekee wa hawa watu ambaye naweza kusema namwelewa.

Sasa kesi yangu. Wiki ya National ya 2025, wakanizunguka kantini, taja jina moja tu, wewe hubeti hatukulazimishi, taja tu. Nikaangalia ile orodha. Majina yao jamani! Sheria inaruhusu herufi 18 pamoja na nafasi, na watu wanazimaliza zote, yule aliyechukua Gold Cup, mbio kubwa ya Cheltenham, mwaka huo anaitwa Inothewayurthinkin, hebu litamke na sambusa mdomoni. Nikashuka na kidole nikatafuta jina fupi la mtu wa kawaida nikaona Nick Rockett. Nikasema huyu, niacheni nile.

Nick Rockett akashinda. Odi 33 kwa 1. Aliyempanda ni mtoto wa mwenye kumfundisha, Patrick Mullins, baba yake, huyo Willie Mullins, alikuwa analia mbele ya kamera, na farasi wa mzee huyo huyo wakawa wa pili na wa tatu pia, mji mzima unalia kwa furaha, na mie nalia kwa sababu nilijua Jumatatu itakuwaje. Yule mwenzetu alikuwa ametia pauni 5, akatoka na 165 na mtaji wake juu. Akaniletea biskuti. Pakiti ishafunguliwa, mbili hazimo.

Tangu hapo sina raha. Mzee wa Kiairishi ananipa penseli mwenyewe, nishike. Mama wa kantini ananiongezea chipsi halafu anasimama pale pale hatoki. Kuna mtu wa idara nyingine, sijawahi kusalimiana naye, kanisubiri nje ya choo na karatasi. Nikiwaambia nilichagua kwa jina fupi wanakonyezana, eti naficha siri, watu wa visiwani ndivyo walivyo.

Na sasa ratiba ya shifti imetoka. National inaanza saa kumi jioni, Jumamosi, na kila mtu kaomba ruhusa, mmoja harusi, mmoja jino, mzee wa Kiairishi kaandika waziwazi FARASI na kakubaliwa. Nani kabaki? Supavaiza akaniita akasema wewe si hubeti, huna la kuangalia siku hiyo, utasimamia trela zote nne. Nikamwambia bosi, mie nina watoto, nina familia. Akasema ndio, lakini simu usizime, tukikwama tutakupigia. Akafika mlangoni, akarudi, akaangalia huku na huku, akainama sikioni, "Sasa, ni yupi?"

Nikamtafutia jina refu kuliko yote kwenye orodha, ahangaike nalo pale dirishani pa kubetia na watu wamepanga foleni nyuma yake. Akishinda na huyo, nahama.