Jiko la mkaa na damu isiyoachia oksijeni

Kila Juni na Julai, baridi inapokaza Njombe, Makete na Mbeya, majiko ya mkaa huingizwa vyumbani, madirisha hufungwa, na kuna asubuhi familia haiamki. Majirani husema walikosa hewa. Kwangu maelezo hayo yanatuponza, maana mtu huamini kwamba upenyo chini ya mlango unatosha.

Balaa lenyewe ni kabonimonoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, na kazi yake huifanya ndani ya damu. Hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu, hubeba molekuli nne za oksijeni, lakini kubeba ni nusu tu ya kazi. Lazima iziachie, tena panapohitajika. Mtu akiwa amepumzika huachia kama robo ya mzigo. Damu hurudi moyoni ikiwa bado na takriban asilimia 75. Hiyo ni akiba. Panda mlima Uporoto na gunia la viazi mgongoni: misuli ya mapaja hutoa joto, asidi na hewa ya ukaa (kaboni dioksidi, si ile gesi ya sumu), na vitu hivyo hivyo ndivyo vinavyoilegeza hemoglobini iachie oksijeni pale pale kwenye msuli unaohangaika. Mdenmark Christian Bohr na wenzake walionyesha mchango wa hewa ya ukaa mwaka 1904. Mpaka leo linanistaajabisha: taka za msuli ndizo zinazouitia oksijeni.

Mtu wa pwani akija kukaa juu kabisa, kama Kitulo, chembe zake nyekundu huongeza kemikali iitwayo BPG ili oksijeni iachiwe kwa wepesi zaidi.

Kabonimonoksidi ya mkaa huvuruga mpango wote huu. Huing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na oksijeni iliyobaki nayo hukazwa, haitoki. Kipimo cha kidoleni, kile tulichokizoea wakati wa UVIKO-19, kinaweza kusoma 98 kwa mtu aliye mahututi, kwa kuwa hakizitofautishi gesi hizo mbili. Na mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata chembe, bado unaitoa kabonimonoksidi.

Natamani wahudumu wa afya ngazi ya jamii wayaseme haya nyumba kwa nyumba mwezi Mei, kabla baridi haijashika: jiko lilale nje hata likiwa limekolea, na aliyeamka na kichwa kinachogonga na kichefuchefu kwenye chumba chenye jiko atolewe nje mara moja, akimbizwe hospitali akapewe oksijeni, hata kama kipimo cha kidole kinasoma vizuri.