Msimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa

Wiki hii kwenye grupu la ukoo imezunguka voisi ya bwana mmoja anayejiita mtaalamu wa lishe. Anasema mtoto akiharisha mara kwa mara, tumbo likijaa gesi na uzito ukigoma kupanda, mwachishe ngano wiki tatu. Akipata nafuu, ujue ana aleji ya ngano, "ambayo wengine wanaiita seliaki". Hospitali za nini, kumaliza hela tu. Mwisho anataja namba ya kuagizia unga wake. Shangazi zangu wote wameshaifowadi, na mmoja ameongeza mikono ya kuomba.

Ambayo wengine wanaiita! Wengine gani?

Mimi nina mtoto mwenye aleji ya ngano, ile yenyewe. Wifi yangu ana binti ambaye daktari anamshuku seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano. Hawa watoto wanakula futari kwenye mkeka mmoja, na ukiwatazama kwa nusu saa tu hutawachanganya tena.

Wangu alipewa andazi na jirani. Chai haijapoa, midomo imeshavimba, mabaka mekundu yamepanda kutoka tumboni hadi shingoni, kifua kinapiga mluzi. Hiyo ndiyo aleji: kingamwili za aina ya IgE zinakurupuka dhidi ya protini za ngano, na mambo yanaonekana ndani ya dakika chache, kwa kawaida hayavuki saa mbili. Kwa mtoto wa namna hii sina mjadala na mtu. Ngano inatoka mdomoni leo hii, na kipimo cha kuchoma ngozi au cha damu kitafanyika hata kama ameacha. Akibanwa pumzi anahitaji sindano ya adrenalini ya pajani na gari la kwenda hospitali. Sirapu ya mafua na aleji iliyoko kabatini haifungui koo lililofunga, naomba hilo lieleweke. Wengi wao huja kupona wakikua, ila anayeamua kuwa amepona ni daktari, baada ya kumlisha kidogokidogo huku dawa na wahudumu wako pembeni. Si bibi, jikoni, na kipande cha chapati cha "hebu tuone".

Huyu wa wifi anakula chapati mbili na kurudi kuruka kamba yake. Siku hiyo hakuna kitakachotokea. Ugonjwa wake unakwenda kwa miezi: tumbo limetuna, mapaja na makalio yamepukutika, choo ni kingi, cheupe-cheupe, kina mafuta na kinanuka hadi sebuleni. Gauni la Idi ya mwaka juzi bado linamtosha. Kila anayemwona anatoa dawa ya minyoo, nadhani minyoo yenyewe ilishahama nchi. Damu ndogo, anapewa sirapu ya madini ya chuma, damu haipandi, anaongezewa sirapu. Na ili anenepe, mama mkwe anamkorogea uji wa lishe asubuhi na jioni. Siku moja niligeuza ule mfuko nikasoma: mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga, ngano. Mtoto analishwa, kwa mapenzi kabisa, kile anachoshukiwa kuugulia. (Na kama ni mtoto wa aleji aliyevimba baada ya uji huohuo, usikimbilie kuilaumu ngano, soya na karanga nazo zimo humo humo.)

Sasa nije kwenye kilichonitoa usingizini, maana hayo mengine shangazi zangu wangeweza kuyapata popote.

Kwenye seliaki, kinga ya mwili wa mtoto inaushambulia utumbo wake wenyewe mwembamba kila gluteni inapopita, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Vinyweleo vya utumbo vinavyonyonya chakula vinasinyaa na kulala bapa, ndiyo maana mtoto anakula na haneemeki. Kipimo cha kwanza ni cha damu. Kinatafuta kingamwili ziitwazo tTG-IgA, na pamoja nacho hupimwa IgA (aina mojawapo ya kingamwili) yote kwa jumla, kwa sababu wapo watoto wasio na IgA ya kutosha, na kwao jibu la kwanza linaweza kudanganya. Mara nyingi hufuata endoskopi, yaani mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, wachukue vinyama vidogo vya utumbo wakaviangalie. Tangu 2012 madaktari wa watoto wa Ulaya wamekubali kwamba kingamwili zikizidi kiwango cha kawaida mara 10, na kipimo cha pili cha damu kikithibitisha, baadhi ya watoto hawana haja ya kuingizwa mpira tumboni.

Lakini vyote hivyo vinategemea mtoto awe anakula ngano. Kingamwili zipo kwa sababu gluteni inaingia. Ukiikata, zinaanza kushuka na utumbo unaanza kujitibu. Halafu unampeleka maabara mtoto uliyekwisha kumfutia ushahidi, unarudishiwa karatasi safi, unasherehekea.

Ndicho kilichompata wifi. Aliisikia voisi kama hii miezi iliyopita, akaacha kila kitu: mkate, chapati, sambusa, tambi za futari. Mtoto akachangamka. Alipokwenda kupima, majibu yakatoka hana kitu. Hakuna aliyemuuliza mtoto anakula nini, si aliyeandika fomu wala aliyechoma sindano. Daktari wa pili ndiye aliyeuliza, na aliposikia ngano imeachwa tangu Ramadhani, akaiweka ile karatasi pembeni. Haina maana, akasema.

Kwa hiyo mtoto sasa amerudishiwa mkate ili aumwe. Mwongozo wa Uingereza unataka gluteni kwenye zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa wiki zisizopungua 6, ndipo apimwe. Wifi anampakia siagi kwenye mkate huku analia. Binti ana miaka sita, anauliza kwa nini anarudishiwa chakula kinachomuumiza. Mjibuni nyinyi wa voisi. (Na wewe mwenye mtoto wa aleji unayesoma hapa, jaribio hili si la kwako. Huyo wako ukimrudishia ngano nyumbani unaweza kumpoteza.)

Nitajibiwa: si alichangamka? Nafuu ndiyo kipimo! Nafuu si kipimo. Huyu binti aliacha ngano, na pamoja nayo biskuti, keki na soda za kusukumia hivyo vitafunwa. Ngano yenyewe ina sukari ziitwazo fruktani zinazojaza gesi kwenye matumbo ya watu wasio na seliaki wala aleji. Daktari Sidney Haas wa New York aliandika mwaka 1924 kuhusu watoto wa seliaki aliowatibu kwa ndizi, na kweli walinawiri, na ndizi ikapata sifa. Lakini mlo wake haukuwa na mkate. Ilichukua miaka hadi daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, kuandika kazi yake ya 1950 iliyoinyooshea ngano kidole. Katika njaa ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 mkate ulipoadimika, watoto wa seliaki walipata ahueni badala ya kudhoofu, na mkate uliporudi wakarudi kuugua. Watu wa Haas nao walikuwa na nafuu mkononi, wakaisoma vibaya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Na jina sahihi lina uzito. Seliaki ni ya maisha yote, haikui ikaisha kama aleji nyingi za utotoni. Mwenye aleji ya ngano anaweza kuruhusiwa shayiri baada ya kuchunguzwa, mwenye seliaki hapana, pamoja na vile vinywaji vya kimea cha shayiri tunavyowapa watoto "wapate nguvu". Wa seliaki anadhurika hata na vumbi la ngano lililobaki kwenye mashine ya kusagia mahindi. Nani atakayesafirisha mahindi yake hadi mashine nyingine kwa miaka hamsini, kwa sababu ya voisi?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kupima si rahisi. Endoskopi ya mtoto haipatikani kila mkoa, na kipimo cha damu kina bei. Kuna kipimo cha jeni pia, DQ2 na DQ8, kisichojali kama mtoto ameacha ngano: akikosa zote mbili, seliaki karibu haiwezekani, akiwa nazo bado hujajua kitu, maana watu wengi wazima wa afya wanazo. Na mtoto akiwa hoi kabisa, daktari anaweza kuamua asisubiri. Daktari. Kuhusu vile vifurushi vya kupima "vyakula mia mbili" kwa tone moja la damu, pesa yako nunulia samaki.

Ndugu wa damu wa mwenye seliaki wako kwenye hatari kubwa kuliko watu wengine, kwa hiyo binti wa wifi akithibitishwa, mdogo wake wa kiume naye atapimwa. Kwa sasa huyo mdogo anaendelea na mikate yake, na nimeshamwandikia shangazi wa mikono ya kuomba asiiguse sahani yake.