Mtoto wa mtaani baada ya kamera kuzimwa

Katika Salaam Bombay!, filamu ya mwongozaji wa India Mira Nair ya mwaka 1988, kuna tukio fupi ambalo siku hizi siwezi kulitazama kwa utulivu. Krishna, mvulana aliyeachwa na kundi la sarakasi na sasa anapeleka chai huku na huko katika vichochoro vya Bombay, mji unaoitwa Mumbai sasa, anamwendea mwandishi wa barua wa mtaani amwandikie mama yake kijijini. Kuandika hajui, na hata anwani ya kwao haijui sawasawa. Anasema, mwenzake anaandika. Basi.

Huyo mwandishi wa barua ni Irrfan Khan, wakati huo kijana wa chuo cha maigizo. Mvulana ni Shafiq Syed, mtoto wa Bangalore aliyetoroka kwao akaishi mitaani Bombay. Khan alitarajiwa kupewa nafasi kubwa zaidi, lakini alipowekwa kati ya watoto wa mtaani hakufanana nao, nafasi ikakatwa ikabaki hiyo. Syed ndiye aliyeibeba filamu nzima. India ikampa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora mtoto, na filamu ikashindania Oscar. Khan akaja kuwa nyota wa dunia hadi kifo chake mwaka 2020. Syed akarudi Bangalore, akawa dereva wa bajaji.

Wanaolaumu filamu za namna hii, zinazoigizwa na watoto wa mtaani wenyewe, huanzia hapo. Mwongozaji anachukua sura, lugha na makovu ya mtoto asiye na kitu, anayapeleka tamasha la filamu la Cannes, kisha mtoto anarudi alikotoka. Mfano wao mzito zaidi ni Pixote ya Héctor Babenco, ya Brazili. Fernando Ramos da Silva, kijana maskini wa Diadema kando ya São Paulo, alicheza humo mtoto jambazi na kujulikana nchi nzima. Akajaribu kuendelea kuigiza, ikashindikana. Mwaka 1987 polisi walimuua kwa risasi. Alikuwa na miaka 19.

Hoja hiyo naiheshimu, ila huchanganya mambo. Kifo cha da Silva ni msiba. Kuendesha bajaji si msiba. Nimechoka kusoma kwamba Syed “ameishia” kwenye bajaji, utadhani waliokula na kusomeshwa kwa pesa ya bajaji Dar es Salaam si watu.

Upande wa pili nao una uzito. Kabla ya kupiga picha Salaam Bombay!, watoto walioigiza humo walipitia warsha chini ya mwalimu wa maigizo, Barry John. Ukiitazama filamu utaona faida yake: wanavyochuchumaa, wanavyogombana kwa nusu neno, wanavyopokea pesa na kuificha kabla hujapepesa jicho. Mtoto wa shule ya kulipia hawezi kufundishwa hayo kwa wiki chache. Halafu filamu ikazaa Salaam Baalak Trust, shirika linalowahudumia watoto wa mtaani Delhi na Mumbai hadi leo. Ni filamu ngapi zimeacha kitu kama hicho? Tena Nair hakuishia India. Ameishi Kampala, akaanzisha huko Maisha, maabara ya kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki kutengeneza filamu. Huwezi kumwita mpita njia.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka nafasi hizi wapewe waigizaji wa chuo tu. Ingekuwa kumfukuza mtoto hata kwenye hadithi yake mwenyewe.

Lakini turudi kwa wale wawili wa kwenye barua. Khan naye hakupanda siku ile. Alihangaika miaka mingi katika tamthilia za televisheni kabla dunia haijamjua. Uigizaji ni kazi ya kusubiri: leo umepata, miezi minane hupati, na katikati lazima ule na ulipe kodi ya chumba. Aliyetoka chuoni ana cheti, ana wenzake wa darasani, ana wa kumtaja jina lake kwenye ofisi ya fulani. Mtoto wa mtaani hana wa kumlisha akisubiri. Akikosa kazi wiki mbili, anatafuta nyingine, na hapo ndipo uigizaji unapoisha, hata awe na kipaji cha kumzidi kila mtu. Syed mwenyewe alipata filamu nyingine baadaye, Patang, bila nafasi hiyo kufungua njia.

Ndiyo maana maneno ya “kuwapa watoto sauti” hayanigusi. Sauti walikuwa nayo. Mwongozaji anayekwenda leo kwa chokoraa wa Nairobi au Kampala na kamera, mimi ningemuuliza kwanza bajeti yake. Posho ya siku za kupiga picha imo, sina shaka. Je, ada ya shule imo? Chumba cha kulala kwa miaka miwili mitatu baada ya tamasha la mwisho? Na mtu wa kupokea simu kijana akipiga, wakati timu nzima imeshahamia filamu nyingine?