Gharama ya Betri Kuukuu Ilipwe Bandarini

Bodaboda za umeme si kioja tena jijini Nairobi. Mwendeshaji huingia kituoni, hukabidhi betri iliyoisha chaji, hupewa iliyojaa na kuondoka. Katika mpango huo betri kwa kawaida hubaki mali ya kampuni, kwa hiyo mwenyewe anajulikana. Hofu yangu ni siku kampuni itakapofilisika, pamoja na magari ya umeme yaliyokwisha kutumika ng'ambo, ambayo huruhusiwa kuingia nchini mradi hayajapita miaka 8. Kikomo hicho hupima umri wa gari, si uhai uliobaki ndani ya betri yake.

Wapo wanaosema kwamba soko litazikusanya betri hizo kuukuu lenyewe, kama wanunuzi wa vyuma chakavu wanavyozifuata betri za risasi hadi mlangoni. Mfano huo haunitulizi hata kidogo. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha risasi kutoka betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu mwilini, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Soko lilikuwa likifanya kazi muda huo wote. Isitoshe, betri nyingi za lithiamu zinazoingia sasa ni za fosfati ya chuma, zisizo na kobalti wala nikeli, metali zenye thamani, hivyo mchakataji hupata kidogo mno kuweza kufidia gharama ya kuzisafirisha na kuzifungua kwa usalama. Zikikosa wa kuzilipia, zitapasuliwa kwa patasi nyuma ya kibanda, seli nzima zichomolewe, na zilizosalia ziishie kwenye jaa la Dandora. Seli iliyotobolewa huweza kupanda joto yenyewe hadi iwake, ikitoa gesi zenye sumu, na moto wake huweza kuzuka upya baada ya kuzimwa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, pamoja na kanuni zilizofuata mwaka 2024, tayari inamtwika mzalishaji, na mwagizaji pia, wajibu wa bidhaa yake hadi inapokuwa taka. Wajibu usio na fedha nyuma yake, hata hivyo, hufa pamoja na kampuni. Ndiyo maana napendekeza kila mwagizaji aweke amana, kwa kadiri ya uwezo wa betri, kabla haijatoka bandarini, na arudishiwe amana hiyo pale mchakataji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, anapothibitisha kuipokea betri. Kila betri iwe na namba yake. Umoja wa Ulaya utadai pasipoti ya kidijitali, yaani kumbukumbu ya kila betri, kwa betri za magari ya umeme kuanzia Februari 2027.

Bei itapanda kidogo, sikatai, na kampuni zitamsukumia mwendeshaji mzigo huo. Afadhali hivyo kuliko kumwachia jirani wa jaa.

Betri iliyochoka barabarani bado huweza kuhifadhi umeme wa jua kwa miaka kadhaa, nami naunga mkono matumizi hayo. Amana, hata hivyo, isirudishwe hapo: ihamie kwa mmiliki mpya pamoja na namba ya betri, kwa sababu huko madukani na majumbani ndiko itakakokuwa vigumu zaidi kuifuatilia.