Buletini yangu iliungua na volkano

Siku ya tatu tangu tufike Portland, jimbo la Maine, mama mmoja wa ofisi ya shule alituketisha, mimi na watoto wangu wawili, akauliza tunalala wapi. Nikajibu: kwa binamu yangu, sebuleni, tuko watu tisa kwenye vyumba viwili. Akaandika. Mkalimani, kijana wa Bukavu, alisita kidogo kabla ya kunieleza kilichoandikwa: watoto wangu wameingia kwenye orodha ya wanafunzi wasio na makao.

Nilijiona nimetukanwa. "Umwambie sisi si maibobo," nilimjibu. "Tuko kwa ndugu yetu."

Kijana akacheka. "Mama, acha aandike hivyo hivyo. Ukikataa, watakudai makaratasi yote."

Kwa wasiolijua neno hilo, maibobo kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, ni mtoto wa barabarani, yule unayemkuta mtaa wa Birere akibeba mizigo ya watu na usiku akilala chini ya meza za soko. Mtoto anayelala kwa mjomba wake hana jina la pekee. Ni mtoto tu.

Kesho yake walikuwa darasani. Sikuwa na cheti cha kuzaliwa, wala kadi ya chanjo, wala karatasi ya mwenye nyumba. Ni sheria yao ya mwaka 1987, wanaiita McKinney-Vento kwa majina ya wabunge wawili. Awe analala kwenye gari, moteli, kituo cha wasio na nyumba au kwa jamaa kwa sababu familia imekosa pa kukaa, mtoto anaandikishwa papo hapo, na makaratasi yanatafutwa huku yeye anasoma. Chakula cha shule anapewa bure. Mkihama, ana haki ya kubaki shule ileile, kama inamfaa, na shule inatafuta njia ya kumfikisha. Halafu, na hili ndilo lililonishika, kila wilaya ya shule lazima iwe na mtu ambaye kazi yake ni kuwatafuta watoto hao. Hangoji waje.

Usiku ule nililia, na si kwa furaha. Nilikuwa nakumbuka buletini, ile ripoti ya shule yenye alama za mwanafunzi.

Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa mwaka wa tano wa msingi. Volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikakata mji katikati hadi ziwani, na nyumba yetu ilikuwa njiani mwake. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na godoro moja na sufuria ya maharagwe yasiyoiva ambayo mama alikataa kuyaacha. Tuliporudi, shangazi wa mtaa wa Ndosho alitupokea wote saba bila kuuliza tutakaa hadi lini. Hapo watu wetu nawavulia kofia mpaka leo.

Siku chache baadaye shangazi akanipeleka kwenye shule ya jirani.

"Buletini iko wapi?" direktere, mkuu wa shule, aliuliza.

"Iliungua, direktere."

"Sasa nitajuaje kama ulifika mwaka wa tano?"

Akaangalia miguu yangu. Nilivaa kandambili, moja ya bluu, nyingine ya kijani. Akamwambia shangazi turudi na buletini, uniforme na prime ya miezi miwili, ile pesa ya walimu inayolipwa na wazazi. Buletini ya shule iliyolala chini ya mawe meusi! Nilikaa nyumbani hadi Septemba nikipanga foleni ya maji na bidoni, kisha nikarudishwa mwaka wa nne. Hakuna aliyenifukuza nyumbani, na hakuna aliyejua kwamba sisomi. Nilikuwa "kwa shangazi", na kwetu neno hilo linamaliza maswali yote.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema kwetu hakuna watoto wasio na makao ila wale wa barabarani. Tunao tele, tumewafunika kwa ukarimu. Huku Marekani nimeona mtu analala kwenye gari na ndugu yake ana chumba kitupu; jambo hilo Goma lingekuwa aibu ya ukoo mzima. Lakini huku mtoto wa kwenye gari anahesabiwa.

Kwetu Kongo, tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, jambo ambalo Katiba ya 2006 ilikuwa imeliahidi. Watoto waliingia kwa wingi, madarasa yakafurika. Ila bure haimfikii asiyejulikana yuko wapi. Sare hainunuliki kwa tamko. Na cheti cha kuzaliwa kinatolewa bure ndani ya siku 90. Mama aliyezalia njiani akikimbia vita, siku hizo zinampita, na baada ya hapo ni mambo ya mahakama.

Portland nayo si paradiso, msidanganyike. Mwanangu mkubwa alikuwa akiteremka kwenye basi kituo kimoja kabla ya chetu ili wenzake wasione tunapolala.

Mimi sidai mabasi ya njano Ndosho. Nataka yule mtu mmoja wa kuwatafuta watoto. Shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, anajua nani amepokea wageni na wanalala wangapi. Mama mmoja wa komite ya wazazi apite naye na daftari, aulize ni watoto wangapi wapo na wangapi wanasoma. Asiye na buletini apewe imla na hesabu kwa nusu saa, mwalimu ataona mwenyewe pa kumweka. Mimi ningeandika imla ile bila kosa.

Mdogo wangu yuko Ndosho. Tangu kambi ya wakimbizi wa vita ya Bulengo ivunjwe, Februari 2025, anakaa na watoto watatu wa shemeji yake kutoka Masisi. Mmoja anasoma. Wawili wanadaiwa buletini za shule ambayo hata mwalimu wake hajulikani alikokimbilia. Nilituma pesa ya sare. Juzi akanirushia picha: wamesimama mlangoni, bluu na nyeupe, shati la mdogo linamfika magotini. Nikauliza walirudi saa ngapi. Akasema hawajaenda, wanangoja direktere apige simu.