Huyu Mama Hajalipa

Kwa kuwa ile skrinishoti ya linki ya tovuti ya Mamkubwa imeshafika mpaka kwenye grupu la wazazi wa darasa la pili, na kwa kuwa rafiki yangu mmoja (anajijua, na hela yangu ya nauli bado anayo) anaizungusha hadithi hii kwa kuitia chumvi, naomba na mimi nisikilizwe. Sikuandika kwamba Mamkubwa ana pilau baya. Sikufukuzwa kikaoni kwa mwiko. Na wala sikulia, jicho liliingia pilipili ya kachumbari.

Mnajua Mamkubwa ni mpishi wa shughuli hapa Tanga, na mnajua mimi ndiye niliyemtengenezea tovuti. Alitaka kitu kimoja: mtu akiandika "mpishi wa harusi Tanga" kwenye Google, atokee yeye kabla ya yule mwenzake wa Ngamiani, ambaye simtaji kwa ajili ya amani ya mtaa. Nikamwambia, Mamkubwa, hilo ni suala la tagi za meta. Nilivyolitamka, nikajiona nimesoma.

Kwa wasiojua: tagi za meta ni maandishi yanayokaa kule ndani ya ukurasa, upande wa fundi, na mgeni akifungua tovuti hayaoni. Wanaoyasoma ni Google, WhatsApp, Facebook na jamaa zao. Mimi nguvu zangu zote nilizimwaga kwenye tagi ya maneno muhimu. Pilau, pilau la harusi, biriani la harusi, pilau Tanga, pilau Muheza, pilau Korogwe, mpaka "Yanga" nikatia, maana watu wanaitafuta sana. Usiku kucha. Na Google walishatangaza tangu mwaka 2009 kwamba tagi hiyo hawaiangalii kabisa wanapopanga matokeo. Yaani nilikuwa nampakulia mtu aliyefunga.

Sasa ile tagi ya maelezo, ile sentensi moja mbili ambayo Google huweza kuionyesha chini ya jina la tovuti, na ambayo kiolezo changu huichukua ilivyo na kuipeleka kwenye Open Graph, yaani tagi za kutengenezea kijikadi cha linki, ili WhatsApp nao waionyeshe mtu akituma linki, hiyo niliiona ya kujazia tu. Nilikuwa na njaa. Na kinyongo kidogo kilikuwepo, maana kila nikigusia malipo naambiwa, "Mwanangu, pilau unakula, hela nayo unaitaka?" Nikaandika chochote cha kushika nafasi, nikasema nitabadilisha asubuhi.

Asubuhi gani. Cheka tu wewe unayecheka.

Jumapili tukaenda kwenye kikao cha kamati ya harusi, Chumbageni. Ajenda: chakula. Mamkubwa katupia dera jipya, hotpoti ya vionjo iko mezani. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, na hili la ualimu mliweke akilini.

Katibu akauliza, "Mama, unazo picha za kazi zako utuwekee kwenye grupu?"

"Picha? Mimi nina tovuti, baba. Na aliyeitengeneza huyu hapa, mtoto wa dada yangu."

Nikasimama. Jamani, nilisimama! Watu wakapiga makofi, nikainamisha kichwa kidogo kwa unyenyekevu.

Mamkubwa akaishika simu mbali, kule mkono unakoishia, maana miwani iko kwenye mkoba. Akabandika linki. Pale juu ya sehemu ya kuandikia kikaanza kujijenga kile kijikadi. Kwanza picha: Mamkubwa na mwiko wake, anacheka. Kisha jina la tovuti kwa herufi nene. Kisha mstari wa chini, wa kijivu. Nikausoma. Nikausoma tena. Mdomo ukafunguka, sauti ikagoma kutoka. Kidole gumba cha Mamkubwa kiko hewani, kina hina ya shughuli ya juzi iliyoanza kufifia, kinashuka taratibu kuelekea kwenye mshale wa kijani, mimi nakitazama tu, kinashuka.

Kikatua.

Ikalia simu ya katibu. Ikalia ya mhazini. Ikalia ya shangazi wa bwana harusi. Zikawa zinaitikiana meza nzima. Mwenyekiti akavaa miwani na, mwalimu ni mwalimu, akasoma kwa sauti.

"Mpishi wa Harusi Tanga. Pilau, Biriani na Vitafunwa." Vichwa vikaitikia. Mamkubwa akatabasamu vilevile kama pichani.

"Huyu mama," akaendelea, kwa ile sauti ya kumkaribisha mgeni rasmi, "hajalipa."

Kimya. Akaisogeza simu karibu na pua. Mtu mwingine angeishia hapo, lakini mwalimu haachi sentensi njiani.

"Akilipa ndo naandika maelezo ya maana."

Kwenye kikao cha harusi ukisema fulani hajalipa, mhazini hahitaji kuambiwa zaidi. Daftari likafunguliwa. Akalamba kidole, akaanza kushuka na orodha ya ahadi. "Mama, samahani, wewe uliahidi shilingi ngapi? Mbona sikuoni?"

"Ahadi ya nini? Mimi nimeitwa kupika!"

Shangazi wa bwana harusi akanong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi Pangani, kwamba siku hizi watu wanakuja kunywa soda za vikao na mchango hawatoi. Mamkubwa akaanza kutaja harusi alizochangia, moja baada ya nyingine, na majina ya maharusi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuona njia. Wakiendelea kuamini ni mchango, nimepona.

Mdogo wake bwana harusi yuko chuo. Hawakosekani hawa. "Samahanini wazee, hayo maneno yanatoka kwenye tovuti yenyewe. Kayaweka aliyeitengeneza."

Na bado nilikuwa nimesimama. Tangu makofi hakuna aliyeniambia kaa.

Mamkubwa hakufoka. Mngekuwa mnamjua, mngeomba afoke. Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio, akaivaa, akasoma mwenyewe, midomo inacheza bila sauti. Mhazini akaona ndiyo nafasi ya kuuliza, "Sasa kama fundi hajalipwa, muuza nyama itakuwaje?"

"Namba yako ni ileile?" Mamkubwa akaniuliza.

"Shikamoo Mamkubwa," nikajibu. Sijui kwa nini. Nilishamwamkia asubuhi.

"Namba yako ni ileile?"

"Ileile, lakini Mamkubwa, hata siyo lazima..."

"Shilingi ngapi?"

"Laki na nusu."

Akabonyeza. Jina lilipotokea akalisoma kwa sauti, majina yote, pamoja na lile la kati ambalo wengi wenu hamlijui na hamtalijua. Simu yangu ikalia mfukoni, na sauti nilikuwa nimeiachia mpaka mwisho. "Katibu," akasema, "iingie kwenye kumbukumbu." Na katibu akaandika. Imo, 150,000, chini ya ajenda ya chakula.

Mengine ni mbio tu. Tagi niliibadilisha nikiwa chooni palepale ukumbini, haikusaidia, maana kijikadi kile hutengenezwa na simu ya mtumaji na kusafiri na ujumbe, ukishatuma, umetuma. Mpaka anafuta kwa wote, skrinishoti zilishalala kwenye simu za watu. Google nao walikuwa bado na ule mstari. Usiku kwa kiwewe nikaweka noindex, tagi ya kuwaambia Google wasiuonyeshe ukurasa, nikawaomba kupitia Search Console, kile chombo chao cha wenye tovuti, wapite upya, na safari hiyo wakapita haraka, wakamfuta Mamkubwa mzima mzima, yeye na pilau lake, mpaka ndugu wa Muscat akapiga simu kuuliza kama biashara imefungwa. Nimeitoa. Wamemrudisha. Yanga nayo nimeitoa.

Tenda kapata. Vionjo vilikuwa vimeshaliwa, na mwalimu aliongeza mara mbili.

Maelezo mapya kanisomea mwenyewe, mimi niko chini kwenye mkeka na kompyuta mapajani, na kanikataza kugusa hata nukta: "Pilau, biriani na samaki wa kupaka kwa shughuli yako, Tanga na Muheza. Fundi wa tovuti kalipwa."