Kilima cha Natal Ndani ya Anfield

Wengi tuliofuatana kwenye ziara ya Anfield, uwanja wa klabu ya Liverpool ya Uingereza, asubuhi ya siku isiyo na mechi, walikuwa na haraka ya kufika mahali pamoja tu: chini ya kile kibao chekundu chenye maneno "This Is Anfield", kwenye njia ya wachezaji ya kuingilia uwanjani. Kibao hicho ni cha zama za kocha Bill Shankly, aliyekusudia kumtia mgeni hofu kabla hajakanyaga nyasi, na Jürgen Klopp, kocha wa miaka ya baadaye, naye aliwahi kuwakataza wachezaji wake kukigusa mpaka watwae kombe. Foleni ya picha ilikuwa ndefu, nami nilipanga foleni kama wenzangu, kwa hiyo sina haki ya kumcheka mtu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, jambo zito kuliko yote katika uwanja ule liko nyuma ya goli, kwenye jukwaa liitwalo Kop. Sisi tuliojifunza soka la Uingereza kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam tulilisikia jina hilo kwa watangazaji miaka nenda miaka rudi, na mimi nilidhani ni Kiingereza. Kumbe asili yake ni Spioenkop, kilima cha Natal, Afrika Kusini, ambako Januari 1900 Makaburu waliwaua mamia ya askari wa Uingereza, wengi wao wa vikosi vya Lancashire, mkoa uliokuwa na Liverpool wakati huo, waliokuwa wamejibanza kwenye handaki lisilo na kina. Mohandas Gandhi, wakati huo wakili kijana, alikuwa miongoni mwa Wahindi waliobeba majeruhi wa vita hivyo. Tuta la mashabiki lilipojengwa Anfield mwaka 1906, mwandishi wa habari za michezo wa Liverpool, Ernest Edwards, ndiye aliyependekeza liitwe kwa jina la kilima hicho. Shabiki wa Kiafrika anayesafiri hadi Liverpool kulitazama jukwaa hilo anakutana, bila kujua, na kipande cha bara lake.

Sasa Kop ni viti vitupu vyekundu, zaidi ya 12,000, ilhali zamani watu wapatao 28,000 walisimama hapo wamebanana. Viti viliwekwa mwaka 1994, baada ya mkasa wa msongamano wa mashabiki kwenye uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, wa tarehe 15 Aprili 1989, uliowaua mashabiki 97 wa Liverpool, ambao majina yao yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu nje ya uwanja. Ndiyo maana naamini uwanja mtupu una la kusema ambalo siku ya mechi halisikiki kwa kelele: unakaa, unatazama taa za kukuzia nyasi zikisogezwa taratibu juu ya magurudumu, na hesabu ya watu waliowahi kujaa pale inakuingia.

Kiongozi wetu, mzee aliyestaafu kazi nyingine, hakutuharakisha. Alisema alianza kuja hapo akiwa mtoto, akiketishwa juu ya kizuizi cha chuma ili asibanwe na umati, huku baba yake amemshika kiunoni kwa nyuma. Alipogeuka kutuonyesha kilipokuwa kizuizi hicho, aliinua kiganja hadi usawa wa kifua chake na kukiacha hapo hewani kwa muda.